Kijani cha Mayai ya Bibi

Shangazi yangu mdogo ni dobi. Mchana kutwa anatoa madoa kwenye nguo za watu, na akitoka hapo anaingia jikoni kuyatia mayai madoa. Niliwahi kumuuliza kama hajachoshwa na rangi. Akanijibu kwamba rangi za nguo humtafuta yeye, za mayai anazitafuta mwenyewe.

Zote hutoka kwenye mimea. Bizari humpa njano kali. Kabichi nyekundu, usiniulize kwa nini, hutoa buluu. Maganda ya vitunguu huyaokota sokoni chini ya meza za wauzaji, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hayo hutoa hudhurungi. Kila yai hulibandika jani dogo, akalivisha kipande cha soksi nyembamba na kulifunga kwa uzi, kisha hulichemsha kwenye rangi yenye siki kidogo. Likivuliwa, umbo la jani limebaki pale. Pua yangu haina adabu, kwa hiyo kila akichemsha nipo, nafunua mifuniko. Malipo yangu ni ute mweupe. Yeye tangu utotoni hali ute, anakula kiini tu.

Rangi moja ilimshinda: kijani kizito alichokuwa akikipika bibi, mama yake. Enzi hizo shangazi mdogo alikuwa mtoto wa kufukuzwa jikoni. Aliyeruhusiwa kushika mwiko ni dada yake, shangazi mkubwa. Na shangazi mkubwa sasa hasemi. Tangu apatwe na kiharusi anakaa kwenye kiti kati ya jiko na dirisha, anatazama, analishwa, analala. Shangazi mdogo alitaka kumwonyesha yai lile la kijani. Alitaka kujua kama dada yake bado yumo mle ndani, na jibu alikuwa akiliogopa.

Basi akakisaka kijani kwenye kila kilicho kijani: mchicha, majani ya kunde, hata nyasi za uani. Mayai yakatoka na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nilimtania kwamba hata kuku aliyeyataga angeyakana. Hakucheka.

Jumamosi moja akakata tamaa, akarudia maganda yake ya vitunguu. Sufuria inatokota, yeye anakata uzi, mara shangazi mkubwa akanyoosha ule mkono wake mzima, akachukua kufuli bovu lililoota kutu pale dirishani na kulitumbukiza sufuriani.

"Dada, umeniharibia rangi," alisema shangazi mdogo, akanyakua mwiko alitoe.

Nikamshika mkono. "Shangazi, subiri kwanza. Tuone."

Tukasubiri. Hudhurungi ikazidi kukolea, ikawa nyeusi nyeusi. Tulipolivua yai la kwanza soksi, lilikuwa kijani kizito, na jani limepauka katikati. Shangazi mdogo akakaa chini sakafuni. Ndipo akakumbuka sufuria ya bibi: ilikuwa ya chuma, imeliwa na kutu pande zote. Miaka yote hiyo alikuwa akiyasingizia majani.

Lilipopoa, akamwekea dada yake yai kiganjani. Nilidhani atalitazama. Yeye akaligonga kwenye ukingo wa dirisha, akalimenya polepole kwa mkono mmoja juu ya mapaja, akalipasua. Ule ute akanipa mimi. Kiini akamnyooshea mdogo wake.