Tarishi Aliyeonja Kwanza

Aminiel, wewe una matata. Umewaacha wanaume wote wa Suji wenye midomo, umekuja kunisumbua mimi, Rogathe, na maharage yangu hayajapukuchuliwa. Unasema unakusanya maisha ya watu wa kawaida ili wanafunzi wako wayasome. Nilikuambia kamwulize Hezroni mwenyewe, mume wangu yuko hai, anakaa pale nje anaota jua. Ukasema umemwuliza, amekujibu hana maisha ya kusimuliwa. Hapo ndipo nilipoichukua kalamu yako. Mtu niliyempikia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi aseme hana maisha? Herufi zangu ni za darasa la ubatizo, zinakwenda upande lakini zinafika. Usizinyooshe.

Hezroni amezaliwa hapa hapa Suji, nyumba iliyo chini ya ndiva. Kwa msomaji wa mbali, ndiva ni bwawa tunalokusanyia maji ya mlimani, halafu kila nyumba inafunguliwa maji kwa zamu yake yaende shambani. Baba yake alifariki yeye akiwa hajaota ndevu. Aliyemshika mkono ni mzee Sefania, mwangalizi wa ndiva, ambaye ndiye anayefungua na kufunga. Alimfundisha kuchimba mfereji, kupanga mawe, kuziba ukingo kwa migomba. Hata posa yangu aliileta Sefania. Baba yangu alimwuliza, "Kijana huyu ana nini?" Sefania akasema, "Ana mimi." Baba akacheka, akakubali.

Hezroni alikwenda kukata mkonge huko chini, mkonge ukamchoka, akarudi. Ndipo akapata kazi ya utarishi wa baraza. Alikuwa anapeleka wito, anawaita wenye kesi, anawashika wanaoikimbia kodi. Walimpa kaptura ya kaki, kofia nyekundu na kibao cha shaba cha kifuani. Nilijivuna, sikatai. Kaptura ile niliianika mbele ya nyumba, sikuianika nyuma.

Sasa kuna jambo ambalo watawala hawakulijua, na waliolijua hawakuwaambia. Kwetu, mtu akiingia penye pombe hupewa kibuyu aonje. Akionja pombe ya nyumba, siku hiyo hamgusi mtu yeyote wa nyumba hiyo, hata awe adui yake. Akikataa kuonja, basi amekuja na shari, na mwenye miguu ajue pa kupita. Kwa hiyo tarishi aliyekuja kukamata mtu wa kodi alikikataa kibuyu pale mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa hodi yake. Wengine walikimbia, wengine walikamatwa, na hakuna aliyesema ameonewa.

Mwaka ule Malkia alipovikwa taji kule Ulaya, amri ilikuja kutoka boma la Same. Walevi wamezidi, wakamatwe. Na wasikamatwe barabarani tu kama zamani, wafuatwe humo humo kilabuni. Mfumwa, yaani chifu wetu, akaita baraza ili watu wasikie. Watu hawakusikia tu, walibishana mpaka mbuzi wakakimbia.

Wa kwanza kusimama alikuwa Dina. Dina alikuwa na kilabu Hedaru, kando ya barabara ya magari, akipika dengelua ya miwa ambayo hata waliookoka waliisifu harufu yake.

"Mlevi akianguka barabarani mchukueni," alisema, "pale ni pa serikali. Akiwa amekaa kwenye kigoda changu, amemkosea nani? Kibali cha kupika mmenipa wenyewe. Mnanipa kibali nipike, halafu mnamkamata anayekunywa. Basi nipike niitazame?"

Watu wakacheka. Filemoni, mzee wa kanisa, hakucheka.

"Dada Dina, ulevi ni ulevi, ukuta hauutakasi. Wewe unamwona akiwa kwenye kigoda. Mkewe anamwona akifika nyumbani. Unataka askari amsubiri mpaka ampige mtu ndipo amshike?"

"Mzee Filemoni, akimpiga mkewe mfungeni hata mwaka. Lakini huyu bado anakunywa tu! Mnamfunga kwa kosa la kesho?"

"Kesho yenyewe tunaijua."

"Ungeijua kesho usingepanda yale mahindi yaliyokauka mwaka jana."

Mimi nilikuwa upande wa Filemoni, na mpaka leo sijahama. Baba yangu alikuwa mnywaji, najua mlango unavyosikika ukisukumwa na mlevi. Lakini Sefania naye alisimama siku ile, akasema neno moja tu, kwamba kama ni lazima waingie, waingie kwa adabu. Wageni waliotoka boma hawakuielewa adabu ile ni ipi. Sisi tulielewa wote, na Hezroni alielewa zaidi. Mfumwa akafunga shauri: amri ni amri.

Siku ya soko Hedaru, Sefania alishuka na ndizi na maharage. Alipokwisha kuuza akaingia kwa Dina kama kawaida yake. Hakuwa mtu wa fujo. Pombe ikimkolea alikuwa ananyoosha miguu na kusimulia mifereji aliyochimba, mmoja mmoja, mpaka wasikilizaji walale kabla yake.

Hezroni naye alikuwa chini, ametumwa kumwongoza sajini wa polisi aliyetoka Same. Sajini hakuwa mtu wa milima hii. Alibaki nyuma ya duka moja, akamwambia Hezroni, "Wewe wamekuzoea. Tangulia, uwaangalie, wasishtuke."

Hezroni akaingia. Jua lilikuwa kali, koo limekauka. Dina akamnyooshea kibuyu, naye akapokea, akanywa. Ameniambia mara nyingi kwamba mkono ulipokea kabla ya kichwa. Mara nyingine, akiwa na homa, ameniambia kichwa ndicho kilichotangulia: aliona kwamba akikataa watakimbia wote, na sajini atamwona hafai. Sijui lipi ni kweli. Nadhani hata yeye hajui tena, na hilo ndilo linalomla.

Alipomaliza kunywa, sajini akaingia na askari wengine wawili. Kilabu kizima kikaruka. Wengine walipita dirishani, wengine waliivunja fensi ya Dina. Sefania peke yake alibaki kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, akiwaita wenzake.

"Rudini, jamani! Kaeni! Mtoto wetu ameshaonja."

Sajini akasema, "Tarishi, mshike huyo."

Dina alikuwepo, na ndiye aliyenieleza, maana Hezroni hapa hunyamaza. Anasema Hezroni alisimama kama mti. Sajini akarudia amri. Hezroni akainama, akamshika mzee mkono, ule ule uliomfundisha kupanga mawe. Sefania hakujivuta. Alimtazama tu, na pombe yote ikamtoka machoni.

"Mwanangu, si umekunywa?"

"Nimekunywa, baba."

"Haya."

Akasimama mwenyewe, akaenda.

Walimfunga Same. Walimpa kazi ya kufyeka majani ya boma, pale pale njiani wanapopita watu wote waendao hospitali, mahakamani na sokoni. Wakwe zake walimwona. Mzee wa ndiva, na panga la serikali, na askari nyuma yake akitafuna muwa. Mimi nilimwambia Hezroni, "Umefanya kazi yako, kula chakula." Hakula. Nikamwambia tena kwa ukali, maana nilikuwa nimechinja. Akatoka nje akaenda kukaa shambani.

Sefania alipotoka, tulijua la kutegemea. Tulijua atatunyima maji. Ana haki na uwezo, na mahindi yetu yalikuwa yanabeba. Hezroni alikwisha kujitayarisha, nadhani alikuwa anaitamani ile adhabu. Siku ya zamu yetu tukaamka, tukakuta maji yamekwisha kufika. Mengi, mazuri, kwa wakati wake. Na Sefania amekwisha kuondoka ndivani ili asionane na mtu.

Ikawa hivyo kila zamu. Maji hayakupungua, hayakuchelewa. Zamani walikuwa wanakaa juu ya ukingo pamoja wakitafuna miwa, sasa Hezroni alipopanda kule alikuta nyayo tu kwenye tope. Mahindi yalikuwa mazuri mwaka ule kuliko miaka yote, na mume wangu alikuwa anayapita kama mtu anayepita kaburini.

Dina hakukubali kushindwa. Alipeleka malalamiko barazani: mgeni wake amekamatwa akiwa ametulia. Bwana Shauri mwenyewe, mzungu wa boma, alikuja kusikiliza, maana maneno yalikuwa yamefika mbali. Sajini akasema mzee alikuwa anapiga kelele na kutukana. Filemoni akasema hata kama hakutukana, alikuwa amelewa, na amri haikutaja matusi. Dina akasema, "Mwulizeni tarishi. Yeye alikuwa ndani."

Asubuhi ile nilikuwa nimemwambia Hezroni aseme hakumbuki. Ndiyo, nilimwambia, na ningemwambia tena. Kazi ilikuwa ile moja. Alikuwa anafunga vifungo vya koti, akanijibu, "Mama, mimi nakumbuka mno."

Barazani alivua kofia.

"Mzee alikuwa amekaa. Hakutukana. Alikuwa anawaambia watu wasikimbie kwa sababu yangu. Nilikuwa nimekunywa pombe ya nyumba ile. Aliniamini, nami nikamshika."

Bwana Shauri alipotafsiriwa akauliza kama tarishi alikunywa akiwa kazini. Hezroni akasema ndiyo. Watu wetu waliguna, maana mzungu alikuwa ameshika mkia wa jambo akaacha mnyama. Hapo hapo Hezroni akavuliwa kibao. Na baada ya mashauri marefu mfumwa akaamua: tarishi na polisi wasiingie kilabuni ila mwenye kilabu akiwaita, au kukiwa na ugomvi. Dina akapigiwa vigelegele. Watu walikuja kumshika Hezroni mkono, eti amesema kweli, eti amewatetea.

Yeye alikuwa anamtafuta mtu mmoja. Sefania alikuwa amekaa nyuma, amesikia neno kwa neno. Alisimama, akakung'uta vumbi la koti, akaenda zake milimani bila kugeuka.

Sasa walevi wanakaa kwa Dina mpaka wanaota mizizi, na wake zao wananinunia mimi, wanasema mume wangu ndiye aliyewafungulia. Filemoni akinikuta kanisani huniuliza kama nimefurahi. Lakini Hezroni haendi kwa Dina wala haendi ndivani. Siku ya zamu napanda mimi.

Mwezi uliopita nilikwenda mapema, nikamwahi mzee akiwa bado ameinama kwenye mlango wa maji. Sikuzunguka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu Rogathe. Mahindi yanasemaje?"

"Mahindi hayana neno. Mwanao ndiye anayekauka. Baba, mtukane basi. Hata mara moja tu."

Aliendelea kutoa majani mlangoni, taratibu.

"Nimtukane kwa lipi? Maji yake si yanafika?"

Akafungua. Maji yakaondoka kuelekea kwetu, naye akashika njia ya pili.

Basi Aminiel, na nyinyi wanafunzi mnaosoma haya, mimi nimeandika mlichotaka, vidole vinaniuma. Sasa nanyi mnifanyie kazi. Sefania mnamjua, nyumba yake mnaipita mkienda shule. Ingieni. Msimwombe amsamehe mtu, hilo ni lake na Mungu wake. Mwambieni aje hapa mlangoni kwangu, mchana, watu wakiwapo, amwambie Hezroni alichokifanya, kwa sauti, kwa matusi yote anayoyajua mzee wa umri wake. Akikataa, rudini kesho yake. Akikataa tena, kaeni kizingitini pake mpaka achoke kuwaona. Na mje naye kabla Hezroni hajalala kitandani moja kwa moja, maana siku hizi hata kwenye jua ananiomba nimfunike.