Mbwa Alikuwa Mpole, Ukali Nilimpa Mimi

Kosa ni langu! Nalisema mwanzoni kabisa, msije mkamhukumu mbwa kabla hamjanisikia. Watu wengi hapa Kapata, kambi yetu ya mgodi, bado wanasema ubaya ulikuwa wa kabila lake. Hapana! Ubaya ulikuwa jikoni kwangu, ndani ya sufuria yangu. Siandiki jina, lakini wale wa safu yetu ya nyumba watanijua mara moja. Wacha wanijue.

Mimi ni mke wa karani wa mgodi. Wazazi wetu walitoka Kasai kufuata kazi ya shaba, sisi tukazaliwa huku huku.

Kulikuwa na madamu mmoja wa Kizungu aliyetufundisha kushona. Alipokuwa anarudi kwao Ulaya, mbwa wake hakuweza kwenda naye, basi akanipa mimi, huku analia. Mbwa mkubwa, masikio yamesimama, mgongo mweusi. Ile aina ambayo Wazungu wanaita shien-lu, yaani mbwa anayefanana na mbwa-mwitu.

Sifa yake mnaijua! Tulikuwa tunaambiana kwamba baba yake ni mnyama wa porini, kwamba ndiye mbwa wa polisi, kwamba akionja damu ya mtu haachi tena. Nani kati yetu hajakimbizwa na mmoja wao mbele ya nyumba za Wazungu? Mzungu akipita, mbwa amelala. Mtu mweusi akipita, mbwa yuko juu ya ukuta! Tulisema ni damu yake. Hakuna aliyejiuliza ni nani aliyemwonyesha tofauti hiyo.

Siku ile nilipomleta nyumbani kwa kamba, wanawake wa bombani walikimbia wakaacha ndoo zao. Jamani, niliona raha! Nilitembea polepole makusudi. Mke wa karani, na mbwa wa Wazungu mkononi!

Raha haikudumu. Muuza samaki alipobisha mlangoni, mbwa wangu akamwendea mbio. Nikafumba macho, nikasema leo mtu anakufa. Nilipofumbua, mbwa amelala chali, anakunwa tumbo! Watoto wa jirani wakawa wanapanda mgongoni mwake. Kuku wakawa wanakula katika sahani yake, naye anawatazama tu.

Bombani wakaanza kunicheka. Mmoja akaniuliza mbele ya wote:

"Mama, ile iko imbwa ao iko yaya ya batoto?"

Nilirudi nyumbani na ndoo nusu, hasira imejaa. Nilijiambia, kumbe nimepewa shien-lu aliyeharibika! Nitamtengeneza mwenyewe.

Sikilizeni sasa nilivyomtengeneza. Nilimfunga nyuma ya jiko kwa mnyororo mfupi, mahali ambapo jua linapiga tangu asubuhi. Nilimchanganyia pilipili katika bukari, ule ugali wetu, maana nilisikia kwamba pilipili inaamsha hasira ya mbwa. Watoto waliokuja kucheza naye niliwaambia wamchokoze kwa fimbo. Na akimtikisia mgeni mkia, nilimpiga. Ee Mungu wangu, nilimpiga mnyama kwa sababu ya kufurahi!

Kwanza hakuelewa. Alinitazama tu na kunitikisia mkia mimi pia, nami nikampiga kwa hilo. Halafu mkia ukaacha kutikisika. Halafu akaacha kula nikiwa karibu. Halafu siku moja jirani yangu alipita na kuni kichwani, na mbwa akaruka mpaka mnyororo ukamkaba, meno nje, povu mdomoni.

Mimi nilipiga makofi! Ndiyo, nilipiga makofi. Nikasema, sasa damu yake imeamka.

Jirani huyo ni Mama Kayombo, mtu wa Sandoa. Yeye alikuwa na mbwa wa kijijini, mwembamba, rangi ya udongo, anayelala katikati ya vifaranga. Aliteremsha kuni zake, akaja kunishika mkono.

"Mama, ile munyororo iko mufupi sana. Na kule hakuna kivuli. Hata miye, ukinifunga pale na kunipa pilipili, nitakuuma."

"Weye unajua nini?" nilimjibu. "Weye uko na imbwa ya kijijini. Hii iko imbwa ya Bazungu, kabila yake ndiyo hivi."

"Haya, mama," akasema. Akabeba kuni zake akaenda.

Basi tukawa watu wa kuogopwa. Hakuna aliyekuja kuomba chumvi. Hakuna aliyekuja kusalimia hata siku ya Mungu. Nami kwa ujinga wangu niliita hiyo heshima!

Wakati huo mume wangu alikuwa anatafuta ile karte wanayopewa watu weusi waliostaarabika, wale wanaoitwa evolwe. Kuipata si mchezo. Watu wa komisyo wanakuja mpaka nyumbani kwako, wanatazama mnakula juu ya nini, mnalala juu ya nini, choo kikoje, mke anajibuje. Mume wangu hakulala vizuri tena. Tulijifunza kula kwa uma mpaka watoto wakakonda! Nikashona rido za madirisha. Yeye akajipatia kostimu na kofia, akajipaka marashi mpaka nyumba nzima ikanukia kama duka la Mgiriki.

Siku ya komisyo nikaona: nyumba iko safi, watoto wako safi, kimebaki kitu kimoja. Nikamtoa mbwa nyuma ya jiko nikamfunga mbele, karibu na mlango. Nilitaka wageni waone kwamba sisi si watu wa mbwa wa kijijini. Na ili aonekane vizuri, nikamwongezea kamba mwishoni mwa mnyororo.

Waliingia wawili, ajenti mmoja Mzungu wa ofisi ya kamp na mwalimu mmoja mweusi mwenye miwani. Walipita pembeni kabisa, migongo ukutani, mbwa anawarukia. Wakakaa mezani. Ajenti akauliza swali, hatukusikia kitu kwa kelele ya mbwa. Akauliza tena kwa kupiga kelele. Mume wangu akajibu naye kwa kupiga kelele. Ikawa kama watu wanaogombana!

Mume wangu akasimama, akarekebisha kofia.

"Musijali," akasema. "Miye ndiye mukubwa ya hii nyumba. Anaweza kunisikia."

Akatoka nje, akainua mkono kumkemea.

Yoo! Mbwa alijua kitu kimoja tu kuhusu mkono ulioinuliwa. Na mtu huyu wa kofia na harufu ya marashi, mbwa hakumtambua hata kidogo. Mume wangu aligeuka kukimbia, lakini ile kamba niliyoongeza mwenyewe ilimfikia. Mbwa akamkamata pale pale ambapo mtu anakalia!

Nilisikia suruali ikilia "chwaaa!" Mume wangu aliingia ndani akapanda juu ya meza, juu ya sahani na uma. Mwalimu akapoteza miwani chini ya kitanda. Ajenti alitokea dirishani na rido yangu shingoni.

Kulipotulia, ajenti akatazama jeraha, akasema mbwa huyo ni hatari, kesho polisi watakuja kumpiga risasi. Akanigeukia.

"Alikuwa hivi tangu zamani?"

Hapo ndipo kosa langu kubwa lilipo. Ningeweza kusema ukweli. Nikajibu:

"Ndiyo, bwana. Ni kabila yake. Kabila yake ni mubaya."

Mume wangu alinitazama kutoka pale juu ya meza. Sisi watu wa Kasai maneno hayo tunayajua vizuri. Tunayasikia kazini, tunayasikia sokoni, yakisemwa juu yetu na watu ambao hawajawahi kukaa nasi kula. Niliona haya, lakini sikuyarudisha.

Wageni walipoondoka, mume wangu alilala kifudifudi nikimpaka dawa.

"Muke yangu," akasema, "juu ya nini ile imbwa iniume miye, na miye ni baba ya nyumba? Nilimufanya nini?"

Sikuweza tena. Nilimwambia yote niliyofanya yeye akiwa kazini, jua, fimbo, pilipili.

Akainua kichwa.

"Pilipili? Miye nakula sombe bila pilipili, unaniambia imeisha sokoni, kumbe iko inakulwa na imbwa?"

"Nisamehe, tata, baba ya batoto."

Nilidhani atanipiga. Aligumia tu, akaweka kichwa chini. Kisha akasema, "Kesho utaenda kusema ukweli. Weye mwenyewe. Batu basiue kiumbe juu ya uwongo yako."

Asubuhi nilikwenda ofisi ya kamp kabla ya polisi kufika. Kulikuwa na watu wengi wamesimama wakingoja mambo yao. Nikaomba nisikilizwe faraghani, karani wa pale akanijibu nisemee pale pale, wengine nao wana haraka. Basi nikasema pale pale! Nilipofika kwenye pilipili, ofisi nzima ililipuka kwa kicheko, na yule ajenti akajifuta machozi. Halafu akaacha kucheka. Akasema mbwa ataishi, lakini si kwangu. Na nyumba yetu itatazamwa tena siku nyingine.

Siku hiyo nyingine haijafika. Mume wangu bado anangoja karte yake, wenzake walioomba pamoja naye wameipata. Hanisemi. Afadhali angenisema! Akiwaona wenzake wanaitwa "Bwana Fulani" ofisini, anarudi nyumbani na kuipiga brashi ile kofia yake. Na mimi bombani jina langu ni Mama Pilipili. Hata padri karibu aniite hivyo.

Nilikwenda kwa Mama Kayombo na uso wangu chini. Nilitegemea atanikumbusha maneno yangu.

"Mulete," akasema tu.

Hakufanya ajabu yoyote. Alimweka kivulini, akampa maji na bukari tupu, akawakataza watoto wasimkaribie mpaka yeye mwenyewe awafuate. Siku nyingi hakutaka mtu. Mvua zikaanza, zikaisha. Sasa nikichungulia juu ya ua ninamwona amelala na yule mbwa mwembamba, vifaranga wanapanda mgongoni. Muuza samaki akija, anapokewa kama mjomba.

Mimi nikiingia, anasimama. Habweki, haonyeshi meno. Anaondoka tu taratibu, anakwenda kulala upande wa pili wa nyumba. Angeniuma ingekuwa bora!

Ndugu zangu, dada zangu, nawaomba. Ukisikia mbwa ameuma, usianze kuuliza kabila lake. Uliza anafungwa wapi, anakula nini, mkono wa nani unainuka juu yake. Na wewe uliyepewa mbwa mpole, mbwa mkubwa wa kutisha ambaye hataki kumtisha mtu, mshukuru Mungu wako, mwekee maji, umwache alale.