Nilimkana Mbwana Mbele ya Kijiji

Nimekosa, na kosa hili sina wa kumsingizia. Nimelikalia moyoni mpaka hata chakula hakipiti vizuri, ndiyo maana naandika kwako wewe usiyenijua. Jina langu niachie. Jua tu kwamba mimi ni mwenyekiti wa kijiji kimoja kando ya barabara kuu, si mbali na Chumbi, na kiti hiki nilikipata kwa kumkana rafiki yangu.

Nitamwita Mbwana, ingawa silo jina lake.

Wazazi wake walitoka Salale, kule kwenye mikoko, baada ya maji ya chumvi kuharibu mashamba yao ya mpunga. Walifika kwetu na mizigo kichwani, Mbwana akiwa mdogo kama mimi. Marehemu baba yangu akawakatia kipande cha shamba jirani na letu. Hapakuandikwa kitu. Baba alionyesha mpaka kwa mkono, akasema kuanzia leo hapa ni penu, basi.

Tukawa watoto wa nyumba moja. Mpunga ulipokaribia kukomaa tulishinda juu ya dungu moja tukifukuza ndege, tukila muhogo wa kuchoma kutoka jiko la mama yake. Mama huyo alipofariki, mimi na Mbwana tulikuwa miongoni mwa walioshika majembe. Alizikwa palepale shambani, kwenye mikorosho. Kaburi halikuandikwa jina. Makaburi mengi ya watu wetu ndivyo yalivyo.

Ujanani Mbwana alikwenda Dar es Salaam, akawa fundi seremala, akaoa, akajenga nyumba yake Mbagala. Baba yake akamfuata huko na akafia huko. Miaka ikaenda bila yeye kukanyaga kijijini, na wazee waliomjua wakatangulia mmoja mmoja. Mimi kila nilipokwenda Dar nilifikia kwake. Mkewe alinipokea kama shemeji wa damu.

Mwishowe mji ukamchosha. Jirani wa upande huu alifungua baa, wa upande ule akafungua gereji ya kupaka rangi magari, na mkewe ana pumu. Siku moja akanipigia.

"Ndugu yangu, nimepata mtu wa kununua nyumba. Narudi nyumbani. Lile shamba letu lipo?"

"Lipo," nikamjibu. "Njoo tuzeeke pamoja."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa hikihiki.

Mbwana hakuwa peke yake. Watu wengi wenye nyumba zao mjini walikuwa wanaziuza au kuzipangisha, wanakuja huku kwetu kutafuta hewa na nafasi. Walinunua kando ya barabara, wakajenga, wakaweka mageti. Vijana walipata vibarua, sikatai, lakini viwanja vilipanda bei mpaka mtoto wa kijiji akawa hawezi kununua pale alipozaliwa. Manung'uniko ya watu yalikuwa ya kweli. Mimi nikayafanya ngazi.

Uchaguzi ulikuwa umekaribia. Mpinzani wangu aliwakaribisha wageni, akisema watavuta umeme na kutusaidia kupata zahanati. Mimi nikashika upande wa pili. Kila nilipopewa nafasi ya kusema, nilisema watu wa mjini wameshauza kwao, sasa wanataka kutunyang'anya kwetu. Nipeni kura, ardhi irudi kwa wenyewe. Vigelegele vilipigwa. Vijana walinibeba juujuu. Sitakudanganya, zile sauti nilizipenda.

Mbwana alifika katikati ya kampeni hizo, mabati na matofali yake yakiwa juu ya Fuso. Akaanza kuchimba msingi. Aliponisikia jukwaani, alikuja nyumbani kwangu akacheka.

"Mbona unawasema watu wa mjini, na mimi nimo humo humo?"

"Ni siasa hizo, Mbwana. Vumilia mpaka kura zipite."

Akaniamini.

Siku ya mkutano wa kijiji kijana mmoja wa upande wangu alisimama akauliza: kuna mtu wa Mbagala anajenga kwenye shamba la mikorosho, amepewa na nani? Nilijua anamsema nani. Ningeweza kumkalisha kwa neno moja.

Mbwana akasimama kwa adabu. Akaeleza walivyotoka Salale, baba yangu alivyowapokea, mama yake alivyolala pale. Kisha akaninyooshea mkono.

"Muulizeni huyu. Waliojua wamekwisha, amebaki yeye."

Watu wote wakanigeukia. Mpinzani wangu alikuwa amekaa mbele, ananitazama. Nikaona jinsi nitakavyoonekana: nimewatukana watu wa mjini mchana kutwa, na wa kwanza kupewa shamba na baba yangu ni mtu wa Mbagala. Nikaona kura zinaondoka.

Nikasema, "Nawakumbuka. Lakini walipita tu hapa. Marehemu baba aliwaazima walime, hakuwapa."

Mbwana hakupaza sauti.

"Na mama yangu je? Si tulimzika mimi na wewe?"

"Makaburi pale ni mengi," nikajibu. "Siwezi kusema lipi ni la nani."

Mkewe alijifunika uso kwa kanga. Mbwana alinitazama kidogo, halafu akakaa chini polepole.

Nilishinda uchaguzi.

Shamba lilitwaliwa, likapewa kikundi cha vijana walionipigia debe. Hawakulima hata msimu mmoja. Walimuuzia mtu mwingine wa kutoka Dar, mwenye uwezo kuliko Mbwana, naye akazungusha ukuta. Aliyegonga muhuri ni mimi. Kaburi la yule mama limo ndani ya ukuta ule, na sijui kama bado lipo.

Mbwana na mkewe walirudi mjini, safari hii kupanga chumba. Nyumba ilikwishauzwa na matofali yalibaki huku. Nilimpigia simu mara nyingi, hakupokea. Nikajiambia hasira zitapoa, nitamfuata, nitamwangukia miguuni. Kila wiki nilikuwa na kikao, kila mwezi nilikuwa na mgeni wa kupokea.

Simu iliyokuja ilikuwa ya mkewe. Mbwana ameanguka bafuni asubuhi, hakuamka.

Nililia, kisha nikaanza kupanga kama mwenyekiti. "Mleteni, shemeji. Tutamzika huku kwao. Nitazungumza na mwenye ukuta, nitasimamia kila kitu."

"Hapana, shemeji," akasema, taratibu kabisa. "Mwenyewe alishakataa tangu tuliporudi mjini. Alisema asipelekwe mahali ambapo kaburi lake halitajulikana ni la nani."

Nilipanda basi la Dar nikawahi maziko. Nilipotaka kuingiza bega chini ya jeneza, mwanawe mkubwa alisogea akaziba nafasi. Hakunitukana. Nilitembea nyuma na watu wasionijua.

Tuliporudi msibani, shemeji aliniita pembeni.

"Watu wananiuliza wewe ni nani wa marehemu," akasema. "Niwaambie nini?"

Nilitaka kusema ndugu. Alisubiri, akaniangalia mpaka nikainamisha macho, kisha akaniacha nimesimama palepale, akarudi ndani kwa wenzake.

Mke wangu alikuwepo kwenye mkutano ule. Hajawahi kunilaumu kwa mdomo. Ila tangu siku ile hajaniita tena baba watoto. Ananiita mwenyekiti, hata tukiwa wawili.

Baada ya maziko nilijikaza nikawaeleza wajumbe wa serikali ya kijiji kwamba nilisema uongo, kwamba lile shamba lilikuwa la Mbwana kwa haki na mkono wa baba niliuona mwenyewe ukionyesha mpaka. Wakaangaliana. Mmoja akacheka akanipiga bega.

"Mwenyekiti, yale si ya kampeni? Nani anayakumbuka?"

Wakaendelea na ajenda ya barabara. Na mimi, kwa aibu ya ajabu, nikaendelea nao.

Wewe unayetafuta uongozi huko uliko, piga kelele juu ya bei za viwanja, dai sheria ya ardhi, watetee watoto wa kijiji. Hayo yana haki yake. Lakini usimfanye mtu kuwa mgeni ili wewe uonekane mwenyeji. Siku utakapoulizwa mbele ya watu habari za mtu uliyekula naye, sema unachokijua. Sema hata wakikuzomea, hata ukikosa kura zote.

Mimi niliukana ukweli kwa dakika chache tu, nikidhani nitaurekebisha baadaye. Kiti ninacho mpaka leo. Mbwana sinaye.