Pini za Fundi

Tangu ugonjwa wa kusahau umvae, fundi cherehani alishapelekwa mara mbili kwa daktari wa meno, na mara zote alirudi na jino lake bovu, midomo kaibana kabisa. Binti yake alibembeleza mpaka sauti ikamkauka. "Baba, fungua kinywa basi!" Mzee anatikisa kichwa tu.

Safari ya tatu walipokelewa na muuguzi mnene, mcheshi, mtoto wa mshonaji. Akaitazama ile midomo, akageuza taa kali pembeni, akakinga kiganja.

"Fundi, nipe hizo pini nikushikie."

Mzee akazitema moja moja, pini ambazo hazikuwepo, taratibu asije akamchoma mtu. Kisha akaachama mwenyewe. Ganzi ikaingia, jino likatoka.

Binti akamshika mkono, machozi ya furaha yakimlengalenga. Baba akamgeukia kwa adabu zake za dukani.

"Samahani, mama. Gauni la harusi la binti yangu bado halijaisha. Akija, mwambie anisubiri."

Gauni lile binti alishalivaa miaka ishirini iliyopita. Akamwinamia.

"Nitamwambia, fundi."