Mume Niliyemtunga Akaja Kilwa

Sikuombi uniamini bure. Mimi nauza mabegi ya mitumba sokoni Lindi, na muuza mitumba hategemei kuaminiwa. Mteja anashika, anavuta zipu, ananusa, ndipo tunazungumza bei. Basi na kisa hiki kishike, kivute zipu. Kilinitokea mimi, Kilwa Masoko, saa mbili usiku, taa zinawaka na televisheni inasoma taarifa ya habari. Haikuwa kichakani wala makaburini. Na ukisikia nina hasira, nivumilie. Nimeihesabu mara mbili na bado haijapungua.

Nilitaka kwenda Malawi, kisha Zambia nikaone maji yanavyoporomoka, mimi na begi langu mgongoni, basi. Begi lenyewe nililiopoa kwenye robota, la kijani, lina mkanda wa kiunoni, na nimekataa kuliuza kwa bei ambayo ningeuzia hata kabati langu. Nilikuwa na pasipoti mpya na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Nakala nilimwachia dada yangu anayekaa Mchinga, pamoja na ratiba: leo nalala wapi, kesho wapi, nisipopiga simu jioni aanze kelele. Seremala alinichongea kabari ya mbao ya kukaza mlango kwa ndani. Unaona? Sikuwa mjinga.

Ila kila niliyemwambia aliniuliza swali moja. Si kama nina hela, wala kama najua njia. "Na nani?" Unaenda na nani. Jirani yangu wa meza pale sokoni, mwanamume muuza viatu, alikwenda Tunduru akapotea siku nzima kwenye barabara moja isiyo na kona. Hakuna aliyemuuliza alikuwa na nani.

Kwenye simu nilikuwa na kundi la wanawake wanaosafiri, na ushauri wao wa kwanza ulikuwa huu: vaa pete, sema mume wako yuko njiani. Pete nikanunua, ya kupakwa rangi, ilichubuka siku ileile. Mume nikampata bure. Na mimi mtu wa sokoni, nilisahauje kwamba cha bure hakipo?

Kabla ya Malawi nikaona nijipime kwa siku mbili Kilwa. Asubuhi nikapanda basi la kwenda Dar, kiti cha dirishani.

"Dada, tiketi. Uko na nani?" kondakta akauliza.

"Mume wangu ni dereva wa lori. Ananisubiri mbele."

Akapita. Nangurukuru nikashuka kutafuta gari la Masoko, nikakaa kwa mama ntilie nile.

"Mwanangu, mbona peke yako na mzigo kama mwanajeshi?"

Nikamwambia mume wangu anakuja nyuma. Papo hapo akachukua sahani ya pili, akaanza kumpakulia pweza. Nikamzuia. "Huyo hali pweza, mama. Akila anavimba midomo." Uongo ndivyo ulivyo, ukishawekwa jikoni unajitia chumvi wenyewe.

Masoko nilifika jua bado liko juu, kama nilivyopanga. Kwenye nyumba ya wageni mapokezi alikaa binti anaitwa Zuhura. Alitaka kitambulisho. Akauliza kabila, natoka wapi, nitalala siku ngapi. Halafu, bila kuinua macho: "Na nani?"

Hapo nikaona dereva wa lori hatoshi. Nikasema mume wangu ni askari polisi, atafika usiku, na hana subira. Zuhura akafunga daftari, akanipa ufunguo.

Sasa shika hili vizuri. Watu watatu, uongo tofauti, na hawajuani. Malawi sikumtajia hata mmoja wao.

Usiku nikakaa sebuleni na wageni wengine, wanunuzi wawili wa ufuta waliokuwa wanakula huku wanatazama habari. Mlango ukafunguka, akaingia mwanamume.

"Asalaam aleikum. Mke wangu yumo humu, mwenye begi la kijani."

Zuhura alivuta droo akampa ufunguo wa pili wa chumba changu. Hakuomba kitambulisho. Hakuuliza kabila. Mimi nililipa, nikaandikwa, nikahojiwa kama mtuhumiwa, na huyu kwa salamu moja amepewa mlango ninaolala nyuma yake! Nataka ulijue hilo: kabla sijaogopa, nilikasirika.

Kisha nikamtazama vizuri. Juu alivaa fulana ya dereva wa lori, grisi begani, taulo shingoni. Chini, suruali ya kaki na buti nyeusi za polisi, zimepigwa rangi zinang'aa. Kidoleni pete pacha ya yangu, imechubuka palepale ilipochubuka yangu. Na uso? Kila ninayemsimulia huniuliza uso. Ulikuwepo, lakini haukushikika. Ukihamia kwenye pua, macho umeshayasahau. Ungekuwaje na alama, wakati sikuwa nimemsimulia mtu yeyote uso wake?

Bibi yangu alinifundisha kwamba ukimshuku mtu utazame miguu, jini ana kwato. Nikatazama miguu. Buti. Na buti nilimvisha mwenyewe.

"Simjui huyu," nikasema.

Mnunuzi mmoja akacheka. "Shemeji, umemkosea nini mwenzio?"

"Dada, si umesema mwenyewe?" Zuhura akashangaa. "Askari, atafika usiku."

"Mama, ya ndani kayamalizeni ndani," akasema yule wa pili, macho kwenye televisheni. "Usimwaibishe mwanamume mbele za watu." Akamsogezea mgeni sahani yake. "Karibu, bwana, pweza wa nazi."

Yule mtu akainua mkono. "Pweza hapana. Navimba midomo."

Kutoka pale mpaka kwa mama ntilie wa Nangurukuru ni mwendo, na neno lile nilimwambia yeye tu. Halafu akanigeukia, kwa sauti ya upole, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Malawi huendi. Nimekataza. Lete pasipoti nikutunzie."

"Malawi?" mnunuzi wa kwanza akaacha kutafuna. "Peke yake? Hapo bwana una haki."

Umesikia? Kitu hakina uso, kimeingia na vazi la watu wawili, na tayari kina haki! Mimi mwenye uso na kitambulisho sina.

Pasipoti ilikuwa kiunoni, ndani ya kijimfuko nilichokishona. Akanyoosha mkono. Na wallahi, mkono wangu ukaanza kwenda kiunoni wenyewe. Mpaka leo hicho ndicho kinachoniamsha usingizini kuliko uso wake: vidole vyangu mwenyewe vikifungua zipu, kama mke mtiifu. Mwaka mzima nimeweka akiba kwa safari ile, na niliona inavyoondoka.

Ndipo hasira ikanirudisha sokoni. Pale kwetu, mali mbovu uliyoinadi kwa mdomo unairudisha kwa mdomo, mbele ya aliyenunua. Nikasimama.

"Zuhura! Nilikudanganya. Sina mume askari."

Kitu kikagonga sakafu mara moja, kama buti zimeanguka. Nikatazama chini. Buti hazipo. Na pale zilipokuwa zile buti hapakuwa na mguu wala kwato. Suruali iliishia hewani, kisha marumaru, meupe, yamepigwa deki. Zuhura aliona, maana rimoti ilimponyoka na kiti akakiangusha. Yule wa "una haki" naye aliona. Akaanza kusoma aya, na kinywa kimejaa wali.

Nikapandisha sauti, nikasema neno ambalo lile kundi la kwenye simu linakataza usilitamke kamwe mbele ya wanaume usiowajua. "Niko peke yangu! Nimetoka Lindi peke yangu, nalala humu peke yangu, na Malawi nakwenda peke yangu!" Pete nikaivua nikamtupia yule mume wa kutungwa.

Akarudi nyuma mpaka mlangoni bila kupiga hatua. "Bado wawili wanaonijua," akasema. Akatoka. Ufunguo wa pili ulibaki kizingitini, umejaa grisi. Nikaufuta na kanga, nikalala na funguo zote mbili chini ya mto, kabari mlangoni. Nilisema nililala? Nilijilaza.

Asubuhi nikawahi Nangurukuru.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo huyo nimemwekea kuku, kwa kuwa hali pweza." Sahani ilikuwa tayari, imefunikwa.

Nikamwambia ukweli wote, nimesimama, begi mgongoni. Akaifunua ile sahani ya kuku, akaisukuma mbele yangu.

"Si ungesema tu? Ningekupakulia wewe."

Nililia pale kwenye benchi, na mimi si mtu wa kulia.

Akabaki kondakta. Stendi ya Lindi nimemuulizia, wanasema amehama basi, wengine wanasema njia ya Masasi. Sijampata. Kwa hiyo askari amekufa, mla kuku amekufa, dereva wa lori yupo. Kuna usiku lori linasimama nje kwangu, injini inaunguruma, hakuna anayeshuka. Nimechungulia mara mbili.

Malawi nilikwenda. Songea, kwenye nyumba ya wageni, kijana wa mapokezi akanichangamkia: "Dada, mumeo ametangulia kukuulizia. Dereva, sivyo?"

"Sina mume. Niko peke yangu. Lete funguo zote mbili."

Hivyo ndivyo nilivyosema kila nilipolala, kwenda na kurudi. Maporomoko ya Zambia niliyaona. Yananguruma kama lori lililosimama, lakini sikuyakimbia, nililipia kiingilio.

Basi wewe mwanamke unayefunga begi, achia mtu ratiba, fika mapema, beba kabari, funguo zihesabu. Lakini usijitungie mwanamume asiyekuwepo. Sisemi hivyo kwa kuwa uongo ni dhambi, hilo kamuulize shehe. Nasema kwa kuwa ukimtamka tu, dunia nzima imesimama mlangoni inamngoja imfungulie. Na wewe unayeuliza "na nani," jiulize ni nani unayemwita.

Na kama hiki kisa kimemfikia kondakta yule, wa basi la asubuhi kutoka Lindi, dada wa kiti cha dirishani mwenye begi la kijani ni mimi. Nilikudanganya, kaka. Sina mume dereva. Niko peke yangu. Tafadhali, sema kwa sauti hapo ulipo: yule dada yuko peke yake.