Mivumu ya Kilima Kile cha Juu ya Kalembe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa upande wa chini wa msumeno. Kila mpasuaji mbao alianza hivyo: mgeni huingia shimoni, mzoefu husimama juu ya gogo. Gogo lenyewe lililazwa juu ya miti miwili iliyovuka shimo, pale kando ya barabara ya Mushaki, na juu yake alikuwa Papa Bauma, mtu wa mikono mirefu aliyevaa suruali iliyokatwa magotini. Kazi yake ilikuwa kuufuata mstari mweusi tulioupiga kwa kamba iliyopakwa unga wa makaa. Kazi yangu ilikuwa kuvuta. Vumbi la mbao lilinijaa machoni, puani na shingoni.

"We mutoto ya nani?" aliniuliza kutoka juu, bila kusimamisha msumeno.

Nikamtajia baba yangu, nikamwambia amekufa, na mama vilevile.

"Na shule?"

"Niliacha, Papa. Niko na badogo."

"Bon. Funga macho wakati ya kuvuta. Hapa shule ingine haina."

Wadogo hao walikuwa wawili, Anastazia na Petro. Baada ya kumzika mama tuliondoka kwenye kilima cha baba, juu ya Kalembe, tukaenda kukaa kwa shangazi karibu na Mushaki, kwa sababu watoto peke yao hawawezi kulinda shamba dhidi ya nguruwe wa porini. Anastazia alilia njiani. Nilimwambia tutarudi. Mimi ndiye mkubwa, na neno la mkubwa kwa yatima si neno la kutuliza kilio tu. Miaka yote ya kazi nililibeba hilo: siku moja niwarudishe wadogo zangu kwa baba.

Mkubwa wetu wa kwanza alikuwa bwana agronomu, yaani bwana shamba wa serikali, Mzungu mwembamba aliyetembea na fimbo yenye alama za vipimo. Tulimpasulia mbao za madaraja, na mbao zilipopungua alitutuma kupanda mikaratusi kwenye kinamasi. Alisema itakausha maji mabaya na kufukuza mbu. Sisi tulimwitikia "Ndiyo, bwana," tukapanda kwa mistari iliyonyooka. Wakati wa chakula ndipo maneno yetu yalipoanza.

"Ule muti inakunywa maji sana," alisema mmoja wetu. "Leo inakunywa mu kinamasi, kesho itakunywa mu kisima yetu."

"Na siku kisima itakauka, batatuambia: hamieni kwingine," alidakia Papa Bauma.

"Papa, weye unashuku hata kivuli yako."

"Kivuli yangu iko nanifuata kila siku. Sijue inataka nini."

Tulicheka, lakini jioni ile wengi wetu tulipita kisimani kuangalia maji yamefika wapi.

Watu hudhani wakata miti huongea habari za miti. Tuliongea kila kitu. Miaka ile Wazungu walikuwa wakipigana huko kwao, na habari zilitufikia kupitia madereva wa malori, kila dereva na zake. Tulipohamishiwa misitu ya Walikale, tuliwakuta wanakijiji wakitumwa porini kutafuta utomvu wa mpira kwa ajili ya vita hivyo. Baadaye tukaambiwa vita vimekwisha.

"Kama imeisha, ju ya nini bado banatafuta mpira?" aliuliza mwenzetu.

"Labda imeisha kwabo," akasema Papa Bauma. "Kwetu njo inaanza."

Tulishuku sindano za waganga wa serikali, tulishuku chumvi ya posho, ambayo kila mara ilikuwa na majimaji, tukasema kapita huinyunyizia ili iwe nzito kwenye mizani. Kapita huyo, msimamizi wetu, aliitwa Simoni. Alikuwa mtu safi, mwenye kofia ambayo hakuivua hata kwenye mvua. Alisema chumvi huvuta unyevu wa msitu. Labda ni kweli. Hatukumwamini, lakini tulijifunza kuitundika juu ya moto kwenye jani la ndizi, ikakauka, nasi tukaendelea kumshuku.

Sioni aibu kueleza hivyo, kwa kuwa kazi yenyewe ndiyo iliyotulea hivyo. Mti wa Walikale haukuambii ukweli. Kwa nje umenyooka, ndani umeoza. Kabla ya kuukata unaugonga kwa kisogo cha shoka na kusikiliza: ukilia kama ngoma, una pango, na utaanguka unavyotaka wenyewe. Halafu unatazama juu, kwenye matawi, kwa sababu shina laweza kuinamia huku na kilele kikavuta kule. Ndipo unakata mdomo, yaani lile pengo la upande unaotaka mti uangukie, kisha unazunguka nyuma kuumalizia. Miti mikubwa ina mbavu pana chini, mizizi iliyosimama kama kuta, na juu ya mbavu hizo tulijenga jukwaa la fito ili tufikie shina jembamba. Nilimwona mtu aliyeuamini mti. Tulimzika palepale.

Jambo moja zaidi la desturi yetu, maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Kundi lilipotumwa kukata miti mingi mahali pamoja, aliyekata wa kwanza ndiye aliyepima urefu wa visiki kwa wote. Kwa kawaida tulikata chini kabisa, usawa wa goti ao pungufu, ili mbao zisipotee. Kukata juu ilikuwa kazi ya mvivu, na mvivu alichekwa mpaka mwisho wa mwezi.

Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mzima, mwenye kusimama juu ya gogo mimi mwenyewe, tulipotolewa msituni na kuletwa Kalembe na bwana mpya, Mzungu aliyeshika nafasi ya yule agronomu. Kapita Simoni alitukusanya chini ya kilima.

"Bwana anasema mukate mivumu yote ya kule juu," alisema. "Hata moja isibaki."

Muvumu ni mti wa jamii ya mkuyu. Wazee walipiga gome lake kuwa nguo. Kwetu mtu anayejenga huchomeka vijiti vya muvumu ardhini kuzunguka boma lake, na vijiti hivyo huota na kuwa miti. Nyumba huanguka, watu huhama, lakini mivumu hubaki imezunguka, na kila mpita njia hujua kwamba pale palikuwa nyumbani kwa watu.

Kilima alichokionyesha kapita kilikuwa cha baba yangu.

Tulikaa kwenye nyasi kunoa mashoka. Hakuna aliyekuwa na haraka.

"Muvumu haitoe mbao," alianza mmoja. "Maziwa yake inashika meno ya musumeno. Kuni yake iko moshi mutupu. Sasa tunakata ju ya nini?"

"Ule muzungu wa ng'ombe iko natafuta malisho," akajibu mwingine. "Nilimuona na bwana, banaonyeshana na kidole."

"Na bwana administrata anakuja kuuliza kama udongo iko na benyewe. Dereva njo alisema."

Hapo jambo lilikuwa limejieleza. Siku zile ardhi iliyoonekana haina alama ya mtu iliitwa ardhi tupu, na ardhi tupu iligawiwa. Tulikuwa tumeitwa kutengeneza utupu.

"Ile boma ilikuwa ya baba yangu," nikasema.

Waliniangalia, kisha wakaangalia chini. Mmoja aliniuliza kama nitakwenda kumwambia kapita. Mwingine aliuliza kama mimi ndiye niliyewaleta pale kwa hila ili wagome pamoja nami. Hata mimi walinishuku! Papa Bauma aliendelea kunoa shoka lake. Asubuhi ile kapita alikuwa amemwita pembeni, naye alirudi na blanketi jipya begani. Wote tulikuwa tumeliona blanketi lile.

Ndiye aliyesimama wa kwanza. Alipanda kilima, akachagua muvumu wa karibu na mahali palipokuwa mlango, akaukata usawa wa kifua.

"Papa, kata chini," nikamwambia. Sauti yangu haikuwa nzuri. "Kama unakata, kata kama fundi."

"Mugongo inaniuma."

"Jana haikukuuma."

"Jana haikuwe leo. We Yosefu, kata ao shuka."

Nilikata. Ningekataa ningefungwa, na mivumu ingeanguka vilevile, na wadogo zangu wangekosa anayewalisha. Kundi zima lilikata usawa wa kifua, kwa sababu wa kwanza alikuwa amepima. Kapita hakupanda, nyasi zilikuwa na umande, naye aliogopa kukanyaga kaburi asilolijua. Alitazama kutoka chini, akaona hakuna kilele kilichobaki, akaridhika. Mimi sikuongea na Papa Bauma tena. Nilikula kivyangu.

Tulikuwa bado kazini ng'ambo ya kilima wakati mvua zilipotulia na bwana administrata, mkuu wa wilaya, akaja na karani wake, bwana wetu, yule muzungu wa ng'ombe na wazee wa kijiji. Anastazia, aliyekuwa amefika kutoka Mushaki aliposikia habari hiyo, alinijia mbio, ameshika viatu mkononi.

"Kaka, banapanda kilima ya baba. Unakaa hapa?"

Kapita Simoni alisimama njiani. "Ukiacha kazi leo, usirudi."

"Nimesikia," nikamjibu, nikamkabidhi shoka.

Juu ya kilima sikuamini macho yangu. Muvumu ukikatwa chini, huchukua muda mrefu kuchipua, na mbuzi humaliza machipukizi. Ukikatwa juu, hulipuka. Kila kisiki kilikuwa na kichwa cha majani mabichi, na kwa kuwa vivuli vikubwa vilikuwa vimeondoka na vichaka vimekanyagwa na kundi letu, duara lote lilionekana wazi, pamoja na nafasi ya mlango. Katika maisha yangu sikuwahi kuliona boma la baba vizuri namna ile.

Muzungu wa ng'ombe alikuwa akisema hivyo ni vichaka vya porini. Mzee mmoja wa kijiji akakohoa.

"Muvumu haijipande mu muzingo," alisema.

Bwana administrata aliuliza kama kuna mwenye kujua. Nilivua kofia, nikaingia kupitia mlango, siyo kwa kuruka kati ya visiki, maana kwa baba hakuna aliyeingia kama mwizi. Nilionyesha mahali pa mafiga. Nikaonyesha kaburi la mama na la baba, na upande wa pili kaburi la bibi. Nikasema muvumu huu aliupanda baba nilipozaliwa mimi, huu alipozaliwa Anastazia, ule mdogo ni wa Petro. Anastazia akaenda kusimama kwenye wake bila kuambiwa.

Bwana administrata alizunguka duara lote polepole, akigusa visiki. Aliuliza kwa nini vilikatwa. Muzungu wa ng'ombe akamtazama bwana wetu, bwana wetu akatazama mawingu. Karani aliandika.

Kilima na mashamba ya juu vilibaki vyetu. Bonde la chini, tulikokuwa tukilima maharage, halikuwa na muvumu hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyewahi kujenga kwenye maji. Lilichukuliwa.

"Na bonde?" aliniuliza Anastazia tulipobaki peke yetu.

"Bonde imeenda."

"Basi tutalima ku mutelemuko," akasema, akavaa viatu vyake.

Kapita alitimiza neno lake, sikurudi kazini. Nilijenga ndani ya duara, nikawaleta wadogo zangu, nikachimba shimo la mbao la kwangu. Petro alikuwa kijana mwenye nguvu, akaingia chini ya msumeno, nami nikasimama juu. Tuliwapasulia watu wa Kalembe milango na vitanda mpaka mgongo wangu ukakataa kweli.

Nilipouweka msumeno chini kabisa, nilisafiri mpaka Bweremana, alikokuwa akiishi Papa Bauma kwa binti yake. Nilikuwa nimesikia mengi katika miaka hiyo. Wengine wa kundi walisema blanketi lile lilikuwa malipo ili atangulie kukata na kutufunga midomo. Wengine walisema mke wake alikuwa na homa na kapita alimwonea huruma. Hakuna aliyeweza kuniambia kuhusu visiki.

Nilimkuta anatengeneza mpini wa jembe. Tukaamkiana, tukaongea habari za bei ya samaki, barabara mbovu na wakubwa wapya waliokuja baada ya Wazungu, ambao aliwashuku kuliko wale wa kwanza. Mwishoni nikamuuliza wazi: siku ile ulikata juu kwa makusudi, ao ilikuwa mgongo?

Aliendelea kuchonga.

"Batoto ya badogo yako banalala wapi?"

"Pale pale, Papa. Ku kilima."

"Nikisema makusudi, utanishukuru mbele ya batu, na miye nilipokea blanketi. Nikisema mugongo, utanicheka. Sitaki yote mbili. Kilima unayo. Unataka na roho yangu?"

"Nataka kujua tu."

"Kujua!" akasema. "We ulikuwa mupasuaji muzuri, Yosefu. Ulijifunza kushuku. Shuku basi."

Binti yake akatuletea ugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Tulikula kutoka sahani moja, na kila mmoja wetu, akinyoosha mkono, alikuwa akimwangalia mwenzake usoni.