Nilivyoshuka Kudha Nikiwa Ofisini

Chekeni, lakini nisikilizeni kwanza. Katika ofisi ya kambi ya jeshi Kismayu, maafisa waliokuwa wakipanga kuteremsha askari kisiwani Kudha walinivisha miwani mikubwa ya kompyuta, ile inayomwonyesha mtu mahali kama kwamba yupo hapo. Mimi mzaliwa wa huko, nikatakiwa niwaonyeshe boti zifikie wapi bila kupasuka miambani.

Ghafla nikauona ufuo wetu, ambao sijaukanyaga tangu tukimbie vita. Kwetu gati hakuna, mtu hushuka majini. Basi mzee mzima nikavua ndara, nikazishika mkononi, nikapandisha kikoi mpaka mapajani, nikatembea polepole nisijirushie maji.

“Hapa pazuri,” nikawaambia, “ila vueni viatu.”

Nilipovua miwani, nilikuwa katikati ya zulia, mapaja nje, maafisa wote wananitazama.

“Mzee wangu,” kamanda akaniuliza kwa upole, “tukuletee taulo?”